Nywele Zako Zilipitia Mboko

Baraka, Fizi
Kivu Kusini
Tarehe 19 Agosti 2024

Mpendwa mutoto wangu Clarisse,

Pokea salamu za shangazi yako Pulchérie. Umeamkaje huko Liège? Mwili una nguvu? Unakula chakula, au bado unakunywa kahawa na kusema umekula? Na mama yako Marie, amepona ule mguu ulioteguka kwenye barafu ya mwanzo wa mwaka? Mwambie ninamuombea, ingawa mguu wa mtu anayetembea juu ya barafu kwa hiari yake ni maombi magumu.

Sisi huku tuko wazima, tunamshukuru Mungu. Ziwa limetulia, ndagala wanapatikana, muhogo upo. Barabara ya Uvira ni ile ile unayoisikia. Mvua bado haijaanza, lakini mashimo yake hayangoji mvua. Magoti yananisumbua asubuhi. Vidole ni vizima, na mimi ninakula kwa vidole, kwa kusuka vichwa vya watu.

Tangu baba yako, kaka yangu Anatole, alipotutoka mwezi wa tatu, tumezungumza kwa simu tu. Lakini simu inakata, na ikikata katikati ya neno zito, kila mtu anabaki na kipande chake na kukigeuza anavyotaka. Hili nataka likufikie zima. Kaa chini kwanza. Hakuna aliyekufa tena.

Nywele zako zilifika, mwanangu. Lakini kabla hatujazipokea kama zilivyostahili kupokelewa, zilikwenda Mboko juu ya kichwa cha mwanamke mwingine, na aliyezipeleka huko ni mimi.

Nianze nyuma kidogo. Unakumbuka mwezi wa nne nilikusimulia desturi ya nyumba yetu: mzazi akifa, watoto na wajukuu wake wananyolewa, nywele zao zinakusanywa katika kitambaa cheupe na kuzikwa pamoja naye, upande wa kichwa. Hatuandiki popote nani ni mtoto wa nani. Tunazika nywele, basi. Anatole amelala kwenye ardhi ya huko kwenu, kwa hiyo huku tulikubaliana kwamba siku ya kumaliza matanga tutachimba shimo dogo pembeni ya kaburi la mama yetu na kuweka shati lake, lile jeupe aliloliacha alipoondoka mwaka wa tisini na sita.

Baba yako mukubwa Patrice, ambaye ndiye mkubwa wa nyumba sasa, alikataa. Alisema mbele ya wote: “Shati peke yake hatuziki. Shati haiko muntu. Kama hakuna nywele ya mutoto, mi nitasimama na kusema Anatole hakuacha mutoto.”

Nikamwambia: “Yaya, kaka yangu mukubwa, mutoto iko. Clarisse iko.”

“Yule wa kule? Yule ni mutoto wa mama yake. Hatuna habari yake, hana habari yetu.”

Niligombana naye, Clarisse. Niligombana mpaka majirani wakazima redio ili wasikie vizuri. Niliwaambia una pua ya Anatole, una ukaidi wa Anatole, unacheka kwa kufunika mdomo kama yeye. Watu walinisifu, wakasema yule mtoto wa Ulaya ana mtetezi.

Lakini huyo mtetezi alikuwa amekufanyia nini kwa simu? Nilikusimulia desturi kama mtu anayemsimulia mgeni habari za nchi, halafu upesi upesi nikaongeza: “Wewe haikuhusu, mutoto wangu, wewe baki na nywele zako.” Nilikuwa nimekumbuka yote uliyonieleza. Watoto wa shule walivyokuwa wakiingiza mikono kichwani mwako bila kuomba ruhusa. Mama yako, maskini, akikuchana nywele kavu kwa kitana cha nywele zake yeye, wote wawili mnalia. Ile dawa ya kunyoosha iliyokuchubua ngozi ukiwa na miaka kumi na sita. Kisha mwaka ule ulipoamua kuziacha ziote zinavyotaka, ukanitumia picha, na mimi nikaionyesha soko zima. Nikajiambia: huyu nimuombe azikate? Nilidhani ni huruma.

Kama ungekuwa unaishi Misisi au Kalemie, Clarisse, ningekutumia ujumbe wa maneno matatu: nyoa, tuma, haraka. Nisingeuliza umezipenda tangu lini. Patrice alikutoa katika nyumba kwa mdomo wake, mbele ya watu. Mimi nilikutoa kimya kimya, nikiwa nakuita mutoto wangu. Ndiyo maana kifurushi chako kilipofika, sikuwa ninangoja kitu.

Kilifika Jumatatu ya tarehe tano. Wilfried, mtoto wa jirani yetu uliyempa mizigo huko Liège, alikuwa amesimama Uvira kusalimia wakwe zake, akatanguliza sanduku na gari la bidhaa. Ila barua yako hakuiweka ndani ya sanduku. Barua, alisema baadaye, ni kitu cha heshima, haisafiri na viatu. Akaiweka katika mfuko wa koti lake, na koti likabaki Uvira pamoja naye.

Mimi nikafungua sanduku. Nikakuta pakiti sita za mèche, nywele za bandia za kusukia, ambazo nimezishukuru sana. Nikakuta kitambaa cha kichwani. Na ndani ya kitambaa, mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, umefungwa kwa mpira mwekundu, una nywele ndefu, laini, za rangi ya chai isiyo na maziwa. Nikasema: Clarisse ananipenda! Amenitumia mèche za nywele za mtu, zile za gharama ambazo huku Baraka tunazisikia tu.

Nina miaka thelathini na moja ninasuka. Nikishika kichwa gizani ninaweza kukuambia ni cha nani, na kama mwenyewe amegombana na bwana yake. Nilizishika zako mchana kweupe, nikasema ni za dukani.

Jumatano akaja Husna wa Mboko, ambaye bwana yake ana boti ya injini. Ni mteja wangu wa siku nyingi, alikuwa anajiandaa kwa arusi ya mdogo wake. Nikamsuka nywele zako, vizuri sana, mistari imenyooka. Alijitazama kwenye kioo mbele, kisha nyuma, kisha mbele tena. Halafu akajifunika mtandio wake, akapanda pikipiki, akaenda zake.

Jumapili, watu wakitoka kanisani, Wilfried akafika na koti lake. Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni. Ulipoandika kwamba ulizinyoosha kwanza kwa chuma cha moto ili zisijikunje na kupotea katika safari, nilikaa chini. Ulipoandika, “Shangazi, hukuniomba, lakini nilielewa,” nilishindwa kuendelea. Wilfried akadhani ni habari ya msiba mwingine, akaanza kulia kunisaidia.

Zilikuwa zimebaki siku sita kabla ya kumaliza matanga.

Jumatatu alfajiri nilipanda pikipiki kwenda Mboko. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno, na kila shimo likinipangua. Nilimkuta Husna uani, anapepeta mchele. Sikungoja kukaribishwa mara ya pili. Nikamwambia yote: mtoto wa kaka yangu, msiba, desturi, koti la Wilfried.

Husna aliweka ungo chini polepole.

“Mama Pulchérie. Unasema hii mu kichwa yangu ni kilio ya bantu?”

“Ndiyo, njo vile, dada.”

“Siku tano nimebeba kilio ya bantu! Njo maana nilikuwa nalia bila sababu!”

“Ulilia?”

Akafikiri. “Hapana. Lakini ningelia.” Kisha akapandisha sauti. “Arusi iko Alhamisi! Bwana yangu amesema nimekuwa kama bibi-arusi mwenyewe, miaka kumi na mbili hajasema neno kama hilo, na wewe unakuja kunivua!”

Nilitoa barua yako nikamsomea ile sehemu, nikiigeuza kutoka Kifaransa neno kwa neno, na ninajua niliharibu mengi. Alisikiliza akiwa ameshika kichwa chake kwa mikono miwili, kama mtu anayezuia kofia isichukuliwe na upepo. Nilipomaliza aliuliza umri wako. Nikasema ishirini na saba. Akauliza kama una ndugu. Nikasema huna, Anatole alikuwa na wewe tu.

Akaenda kuleta mkeka, akautandika kivulini, akalaza kichwa chake mapajani mwangu. “Fungua,” alisema. “Lakini pole pole. Ile nywele ya kwangu uiache mu kichwa.”

Nilifungua tangu saa mbili mpaka adhana ya alasiri. Kufungua si kama kusuka, mwanangu. Kusuka mtu anaweza kuimba. Husna hakukaa kimya hata dakika tano, naye alikuwa anaongea na magoti yangu, kwa sababu ndiyo aliyokuwa anayaona.

“Huyu mutoto, iko mweusi ao mweupe?”

“Kule kwao banasema mweusi. Akikuja hapa batasema muzungu.”

“Eh. Sasa analala wapi?”

Swali hilo bado ninalo. Yeye akaendelea mwenyewe. Kumbe babu yake alivuka ziwa kutoka Ujiji, bibi yake ni Mubembe wa huko milimani, na alipokuwa mdogo watoto wa upande mmoja walimwambia rudi kwenu Tanzania, wa upande wa pili wakamwambia rudi kwenu mlimani. “Na mi nilizaliwa hapa hapa, ku hii nyumba,” alisema. “Nilikuwa nawaza: nikirudi kwetu, nitapita mulango gani?”

Mistari ya nyuma ilikataa kufunguka, nikaomba maji niilainishe. Hapo ndipo nilipokuona. Zilipopata maji, nywele zako ziliacha adabu ya chuma cha moto. Zilijikunja zenyewe mikononi mwangu, moja moja, vikunjo vidogo vya kubana, na karibu na ncha vinageukia kushoto. Hizo ni nywele za Anatole. Nilimnyoa mimi mwenyewe kwa wembe tangu ana miaka sita, na kila mara wembe ulikwama pale pale. Nikalia juu ya kichwa cha Husna. Yeye akasema, “Haya, sasa njo kilio chenyewe,” akaniacha nilie.

Ubaya wake ni kwamba zikijikunja zinashika. Zilishikana na zile za Husna zilizong'oka kwenye kitana. Nikamsuka upya kwa zile mèche zako za pakiti, ili arusi isikose bibi-arusi wa pili, nikarudi Baraka na furushi. Kwa siku tatu nilikaa juani na kitambaa cheupe, nikitenganisha za rangi ya chai na nyeusi. Zilibaki kiasi cha kujaza kiganja ambazo sikuweza kuziachanisha bila kuzikata. Wateja walikuja, wakaniona, wakarudi kusema Pulchérie amepata wazimu wa matanga.

Ningeweza kuzificha zile za kiganja. Nani angejua? Lakini nilikuwa nimekwisha kukuficha mara moja.

Jumamosi watu wa nyumba walikusanyika pale kwa mama, uani penye kaburi lake. Shimo lilikuwa limechimbwa, shati limekunjwa. Kabla Patrice hajafungua mdomo nilisimama, nikaweka kitambaa juu ya meza, nikasema yote kama nilivyokuandikia, pamoja na habari ya simu ya mwezi wa nne. Nilipofika kwa Husna kulia, “hapana, lakini ningelia,” watu wakacheka, na sikuwalaumu. Nilipofika kwenye barua yako hawakucheka tena.

Patrice alisogeza kiti chake karibu na meza.

“Nani alimwambia akate?”

“Hakuna, yaya.”

“Wewe ulimuomba?”

“Sikumuomba. Nilimwambia aache.”

“Na mama yake, yule muzungu, alisema nini?”

“Njo yeye alishika mukasi.”

Hilo nililitoa katika barua yako, ule mstari wa mwisho kabisa, kwamba Marie ndiye aliyekukata, jikoni, na kwamba safari hii pia mlilia wote wawili. Huenda hujui habari ya kijana wake Junior. Mama yetu alipofariki, Patrice alimwita Junior kutoka kwenye mashimo ya dhahabu ya Misisi ili anyolewe pamoja na wajukuu wengine. Alimwita mara tatu. Junior alijibu kwamba ile ni mode yake, mtindo wake wa nywele, hawezi kuiharibu. Misisi si mbali na hapa. Hakuna aliyelitaja jina la Junior siku ya Jumamosi, na hakuna ambaye hakumfikiria.

Patrice akafungua kitambaa. Akachukua unywele mmoja, akauvuta mpaka ukanyooka, akauachia. Ulirudi ukajikunja. Akauvuta tena. Alifanya hivyo mara tatu nne, kama mtoto aliyepata kitu cha kuchezea.

Mmoja wa shangazi zetu akauliza, na zile zilizochanganyika na za mwanamke wa Mboko? Hatuwezi kuzika nywele ya mtu wa nje katika nyumba.

“Weka yote,” Patrice alisema. “Yule mama alimbeba mutoto wetu siku tano bila kujua. Bengine banajua na habamubebi.”

Basi tukaweka yote. Patrice mwenyewe alishuka kwa magoti, na yeye magoti yake ni mabaya kuliko yangu. Aliweka kitambaa upande wa kichwa, juu ya kola ya shati. Kisha akasimama, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia: “Anatole aliacha mutoto mumoja. Jina lake Clarisse.” Tangu uzaliwe sikuwahi kusikia jina lako kinywani mwake. Alilitamka vibaya kidogo, akarudia mpaka likakaa.

Tulipokuwa tunanawa mikono alinivuta pembeni. Nilidhani atanigombeza, na alikuwa na haki. Akasema:

“Mwandikie yule mutoto. Mwambie azitunze, asikatekate ovyo ovyo. Mi niko na miaka sabini na mbili. Junior hatakuja. Nywele ya kuzikwa na mi nitamuomba yeye.”

Niliona niikabidhi kazi hiyo kwako kama alivyoitoa, bila kuipunguza uzito. Safari hii sitakuambia haikuhusu. Ukitaka kukataa, mkatalie yeye mwenyewe. Nimekuandikia namba yake nyuma ya bahasha. Na hata ukija hapa na watoto wa barabarani wakakuita muzungu, usikasirike. Mimi nilirudi kutoka Bujumbura na viatu vipya, nikaitwa muzungu kwa wiki mbili.

Kuhusu kichwa chako kilichonyolewa, najua huko baridi inakuja. Ninakutumia chupa ya mafuta ya kokwa za ngazi, ile michikichi yetu, yale meusi. Yananuka moshi, mama yako atafungua madirisha. Paka kidogo jioni, na usichane zikiwa kavu.

Nisalimie Marie sana, umwambie familia imeusikia mkono wake. Patrice anakusalimu, ameniambia mara mbili nisisahau. Wilfried anakusalimu, anaona aibu ya koti. Husna wa Mboko anakusalimu pia. Arusi ilikwenda vizuri, na anauliza lini utakuja, kwa sababu anasema mnafahamiana kichwa kwa kichwa.

Mungu akulinde mchana na usiku, akupe usingizi katika nyumba zote mbili. Azioteshe nywele zako nzuri na nyingi, lakini pole pole, mwanangu, pole pole sana, ili baba yako mukubwa asiwe na haraka ya kutuacha.

Ni mimi baba yako wa kike, ninayekupenda na kukuomba msamaha,

Shangazi Pulchérie